Mabakuli Arobaini ya Mama Apolot

Neno nililopaswa kulimeza siku ile ni "ndiyo". Nililitoa upesi, huku nikitabasamu, maranda ya mbao yakiwa yamenijaa kichwani kama mtu aliyelala kwenye banda la kuku.

Ilikuwa asubuhi, Malaba, katika karakana ya Mama Apolot, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Mama Nekesa, mpishi wa harusi aliyejulikana kutoka Busia mjini hadi huku kwetu, alisimama mlangoni akiwa ameshika mwavuli uliofungwa.

"Apolot yuko?"

"Amevuka, mama. Dada yake anaumwa huko Tororo. Atakaa wiki mbili, pengine tatu."

"Sasa mimi nitafanya nini? Niko na harusi. Bibi harusi anataka wazee wa meza kubwa wakunywe uji ya wimbi kwa bakuli ya mti. Arobaini. Na si bakuli ya sokoni. Anataka ya Apolot, ile iko na alama hapa chini." Akanitazama kuanzia maranda hadi viatu. "Wewe si ndiye yule mwanafunzi wake mzee?"

"Ndiye mimi."

"Unaweza?"

Vijana wangu, maneno yaliyohitajika yalikuwa manne tu: Mama, ngoja mwenyewe arudi. Ningeyasema, angeenda zake, nami ningeendelea kufagia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Naweza."

"Na alama?"

"Na alama pia."

Ngoja kwanza niwaeleze mwanafunzi mzee alitoka wapi, kwa maana wengi wenu mnaojifunza useremala hapa chuo cha ufundi mnadhani nilizaliwa na patasi mkononi. Mimi nilikuwa karani. Miaka zaidi ya ishirini nilijaza fomu za mizigo ya malori pale mpakani, mwandiko wangu ukisifiwa hadi na madereva wasiojua kusoma. Kompyuta zilipokuja, mwandiko mzuri haukuwa na kazi tena, na mimi pia. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nikawa natembea barabarani asubuhi kwa mazoea tu, nimechomekea shati, sina niendako.

Siku moja nilipita mlangoni pa Mama Apolot. Alikuwa ameegemea kerezo, yaani mashine inayozungusha kipande cha mti huku wewe ukikigusa kwa patasi. Utepe mrefu wa mti ukaruka kutoka kwenye chuma, ukapaa, ukanitua begani. Ulikuwa na joto. Nikaunusa. Nikajikuta nacheka peke yangu barabarani, mtu mzima, kama mtoto aliyemwagiwa maji ya bomba.

"Unacheka nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sijui, mama."

"Ingia ndani ucheke vizuri. Hapo mlangoni unanizibia mwanga."

Hivyo ndivyo nilivyosajiliwa. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia nilikuwa karani, na tangu siku hiyo hakuwahi kuniita Wandera. Nilikuwa Karani.

Mama Apolot alikuwa Mteso wa hapa hapa Malaba, mjane, mwenye mikono mipana na ulimi usio na breki. Kerezo lile alilitengeneza mumewe kwa mota ya kinu cha posho kilichokufa na ekseli ya lori. Mume alikereza, mke akanoa patasi, miaka kumi na miwili. Mume alipofariki, watu walikuja kununua mashine. Akawaambia waketi kidogo, ana kitu anataka kujaribu. Akawasha mota, akasimama mahali ambapo hakuwahi kusimama, akakereza bakuli moja mpaka likaisha, kisha akawauliza kama wangependa kununua bakuli badala ya mashine. Alikuwa akinihadithia hivi huku akijipiga mapaja. "Walinunua, Karani! Watu walikuja kununua mashine wakaenda na bakuli!"

Somo la kwanza alilonipa ni lile mtakalopewa na kila mwalimu, nanyi mtalipuuza kama nilivyolipuuza. Simama kando. Usisimame mbele ya mti unaozunguka, hasa dakika ya kwanza. Mimi nilisimama mbele, kwa heshima, kama mtu aliye mbele ya bosi wake. Nikachomeka patasi. Sikuigusisha taratibu, niliichomeka kama kalamu kwenye wino. Bakuli langu la kwanza likatoa sauti ya mbuzi, likang'oka, likapita karibu na sikio langu, likatoka mlangoni, likagonga tangi la mafuta la lori, kisha likaanza kubingirika katikati ya foleni kuelekea mpakani.

Madereva walishuka wakidhani tairi limepasuka. Matanboi, wasaidizi wao, wakaanza kulikimbiza.

"Mzee! Mzee! Sahani yako inaenda Uganda!"

"Ishike!"

"Haina pasipoti!"

"Mwambie afisa aigonge muhuri!"

Lilirudishwa na tanboi mmoja wa kutoka Mombasa aliyelibeba kwa mikono miwili kama kombe la mpira, huku wenzake wakipiga honi. Mama Apolot alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, anapangusa machozi kwa leso. "Karani," akasema alipopata pumzi, "hii si fomu. Usiisaini. Iguse."

Na huo, vijana, ndio ufundi wenyewe, mengine yote ni nyongeza. Patasi ya kukerezea bakuli huitwa bobari. Mdomo wake umejikunja kama kijiko. Huanzi na makali. Unaanza na mgongo wa chuma, unauweka juu ya mti unaozunguka mpaka usikie unasuguana tu bila kukata. Halafu unainua mpini, polepole, mpaka makali yenyewe yaupate mti. Ukifanya hivyo, utepe unatoka. Ukifanya kinyume, mti unakupiga. Sikiliza pia. Mti unaokatwa vizuri unanong'ona. Ukianza kulia, chuma chako ni butu. Zima mota ukanoe. Mama Apolot angeweza kuwa nje akinunua sukari, akasikia sauti kutoka ndani, akapaza sauti ng'ambo ya barabara: "Karani! Noa hiyo kitu! Unaudhi wateja wa wenzangu!"

Na pimeni kina. Nawaomba. Chukueni kijiti, kishusheni ndani, muweke alama mahali chini panapotakiwa kukomea. Bakuli langu la tano lilikuwa zuri kuliko yote. Nikakereza ndani kwa raha, nikaendelea, nikaendelea, nikaona mwanga. Mama Apolot alilichukua, akapitisha mkono wake upande wa juu ukatokea upande wa chini, akalivaa kama bangili. Alishinda nalo hivyo. Mteja akija, anamnyooshea mkono. "Umeona? Karani amenitengenezea ya Krismasi."

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nafika Malaba kutoka kwangu Busibwabo kabla hajafungua. Umeme ukikatika katikati ya kazi tulikuwa tunasimama tukitazama bakuli likizunguka kwa nguvu zake lenyewe, polepole, polepole zaidi, na yeyote aliyekisia sawasawa lingesimama upande upi ndiye aliyenyweshwa chai na mwenzake.

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Kisha siku moja akanionyesha kitu alichokuwa akikifanya nisipokuwepo.

Alichukua gogo la mvule lililokatwa siku ile ile, bado linatoa maji. Sasa, kila mtu anayekereza anajua mti mbichi haufai. Unakauka, unajivuta, unapasuka. Ndiyo maana tunangoja miezi. Yeye alilifunga gogo kwenye mashine, akaanza kulikata, maji yakimrukia usoni, na hakusimama mpaka akatoa bakuli jembamba kama ganda la embe. Akaliweka juu ya rafu. Nililitazama kila siku nikingoja lipasuke. Halikupasuka. Lilijipinda kidogo, likawa na umbo la yai, likakauka, na ukiligonga kwa ukucha lilitoa sauti kama kengele ya kanisa la mbali. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiweza hilo, si upande wetu wala upande wa pili. Watu walikuwa wakija kutoka mbali kwa ajili ya mabakuli hayo.

"Hii nitakufundisha," akaniambia. "Binti yangu ni nesi, hataki vumbi. Na mikono yangu imeanza kuuma asubuhi. Nikitoka kwa dada yangu tutaanza. Nimeweka magogo matatu makubwa ya mvule pale chini ya gunia, nayamwagia maji yasikauke. Ni ya masomo yako. Hayo usiguse. Siku utatoa moja na isipasuke, hii chuma tutakuwa tunaishika wawili."

Chuma chenyewe kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari juu ya jiko: fimbo fupi yenye mistari miwili na nukta katikati. Ulikipasha moto kwenye makaa, ukakigandamiza chini ya bakuli, na bakuli likawa la Apolot. Mimi sikuwahi kukishika.

Kwa hiyo mnaelewa nilichokuwa nacho mkononi asubuhi ile Mama Nekesa aliposimama mlangoni. Nilikuwa na ahadi. Nilitakiwa tu kuacha magogo matatu chini ya gunia na kuacha chuma kwenye msumari. Ng'ombe angeweza kazi hiyo.

Lakini alikuwa ameniuliza, "Unaweza?" Na tangu kompyuta zije, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Harusi ilikuwa baada ya siku kumi na sita. Mti mkavu karakanani haukutosha hata mabakuli kumi. Nikaondoa gunia, nikayakata yale magogo matatu vipande vipande.

Nitasema ukweli, hata kama hamtaupenda: zile zilikuwa siku tamu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Nilikuwa peke yangu na mashine. Maji ya mvule yalikuwa yakinirukia hadi kwenye miwani. Nilikereza manne kwa siku, kisha matano. Madereva wa foleni walijua kwamba nina oda kubwa, wakawa wanahesabu kwa sauti. "Ishirini na tatu, mzee! Leo hakuna iliyokimbia!" Nilikuwa nikiimba nyimbo za kwaya nilizodhani nimezisahau. Nilitengeneza arobaini na sita, ili niwe na akiba. Yalikuwa yamepangwa kwenye rafu kama wanafunzi gwarideni, nami nikipita mbele yao mikono nyuma.

Siku ya kumi, mchana, nilikuwa nakula muhogo nikasikia: ta!

Nikageuka. Bakuli moja lilikuwa limefunguka kuanzia mdomoni hadi katikati. Nikiwa bado nalitazama, upande wa kushoto: ta! Halafu kule juu: ta! Yalikuwa yanakauka kwa kasi yao wenyewe, kila moja likijivuta linakotaka, maana kuta nilizoziacha zilikuwa nene hapa, nyembamba pale. Mama Apolot alijua kuzifanya ziwe sawa pande zote kwa kugusa tu. Mimi sikujua, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe.

Mtu mwenye akili angefunga safari kwenda kwa Mama Nekesa kuomba msamaha. Mimi nikamkumbuka shemeji yangu.

Shemeji Ouma alikuwa na matanuri ya udongo kule Port Victoria, ya kukaushia samaki kwa moshi. Nikajiambia: kama moshi unaweza kukausha mbuta mzima mwenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, utashindwaje na bakuli? Nikatia mabakuli kwenye magunia mawili, nikashuka hadi ziwani.

Shemeji alinitazama nikiyamimina mbele ya tanuri.

"Shem, hii ni nini?"

"Nataka uyakaushe. Taratibu. Siku mbili."

"Nitaweka wapi samaki?"

"Weka juu. Mabakuli yakae chini."

"Shem," akasema pole pole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "wewe ulisoma mpaka fomu foo."

Lakini alikuwa shemeji yangu, nami nilikuwa nimemwoa dada yake, hakuwa na la kufanya. Mbuta juu, mabakuli chini, moto mdogo wa magogo. Siku mbili nilikaa pale, sikutoka, nikigeuza mabakuli kama mpishi wa chapati, huku mafuta ya samaki yakidondoka tone moja moja kutoka juu. Yalipotoka, vijana, yalikuwa na rangi ambayo sijaiona tena. Kahawia iliyoiva, yenye kung'aa, kama asali ya msituni. Nilimkumbatia shemeji. Nilicheza mbele ya tanuri. Akina mama waliokuwa wakipanga samaki walipiga makofi.

Sikusikia harufu yoyote. Niwaulize nyinyi, ningesikiaje? Siku mbili nilikuwa nakula moshi, nalala kando ya moshi, shati langu ni moshi. Nilipopanda boda boda kurudi, dereva aliendesha ameinamia mbele mwendo wote, nami nikadhani anaogopa mvua. Nilipoingia nyumbani mke wangu aliuliza samaki wako wapi. Nikamwambia sijaleta samaki. Akasema, "Basi usiingie chumbani mpaka uwalete."

Hilo nalo sikulielewa. Nilikuwa na haraka. Nilitia gundi kwenye nyufa ndogo, nikaifunika kwa unga wa mbao, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya simsim. Yakabaki arobaini kamili, yanayopendeza mno. Kisha nikawasha jiko, nikafikia msumarini, nikashusha chuma.

Nakumbuka kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Niligandamiza mara arobaini. Sikutetemeka hata mara moja, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo.

Harusi ilikuwa kwenye boma moja barabara ya Alupe. Bwana harusi alikuwa mtoto wa majirani wa Malaba, bibi harusi wa watu wa pwani ya ziwa. Mama Nekesa alinipa kazi ya kusimama karibu na masufuria, nitazame mabakuli yangu yakienda. Yakapangwa. Wazee wakakaa. Na pale kwa upande wa bwana harusi, katikati ya akina mama, ameketi Mama Apolot, katika gauni lake la kitenge cha manjano. Alikuwa amevuka kutoka Tororo asubuhi ile ile, akaja moja kwa moja, hajapita karakanani. Akaniona, akanipungia mkono kwa furaha. Nikampungia.

Uji ukamiminwa ukiwa wa moto.

Kuna jambo hamfundishwi darasani: mti hukaa na harufu yake kimya ukiwa mkavu, lakini ukiupa maji ya moto unazungumza yote. Mvuke ulipanda kutoka mabakuli arobaini kwa pamoja, na mvuke huo ulikuwa wa soko la samaki la Port Victoria, saa sita, jua kali.

Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alionja, akafumba macho. "Eh! Hii uji iko na samaki."

"Samaki iko wapi?" akauliza jirani yake, anakoroga kwa kidole.

"Mimi sijamuona. Lakini yuko."

"Ni tamu," akasema wa tatu, mvuvi. "Ongeza."

Shangazi wa bwana harusi hakuwa mvuvi. Akasukuma bakuli lake mbele. "Sisi kwetu uji tunaweka ndimu. Sasa nyinyi kwenu mnaweka mbuta?"

"Nani ameweka mbuta? Huu ni uji ya mpishi!"

"Tumeoa jikoni au tumeoa ziwani?"

Kabla hawajaendelea, paka akatokea chini ya meza. Halafu wa pili. Halafu, sijui walitoka wapi, wanne, mikia juu, wakapita katikati ya maharusi. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Tunaomba mwenye paka awashike! Paka hawa hawakualikwa!" Kwaya ilicheka mpaka ikapoteza wimbo. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nauma kofia nisicheke.

Kisha gundi ikaanza kuyeyuka.

Baba wa bwana harusi, katika suti yake ya rangi ya maziwa, alisimama ghafla. Mkewe akamtazama mapajani. "Baba Emong, umejimwagia?"

"Mimi sijamwaga. Ni bakuli ndiyo inakojoa."

Na kweli, yalikuwa yakivuja, moja baada ya jingine, uji wa wimbi ukishuka kwenye kitambaa cheupe kwa mistari. Mama Nekesa alikuja mbio, akanyakua bakuli moja, akaligeuza juu chini, akaliinua mbele ya watu wote kwa hasira ya mpishi aliyeaibishwa. "Mimi mniache! Hizi ni za Apolot! Alama si hii hapa?"

Kicheko kikakoma. Kila mtu akageuza lake. Mistari miwili na nukta. Mistari miwili na nukta. Vichwa vyote vikageukia lile gauni la manjano.

Mama Apolot alikuwa ameshika bakuli lake kwa mikono miwili. Aliligeuza kidogo, akaangalia chini yake, akapitisha kidole gumba kwenye alama. Kisha akainua macho kunitafuta, akanipata pale kwenye masufuria. Hatukuwa mbali. Nilikuwa na nafasi ya kupiga hatua moja mbele na kusema, "Ni mimi." Watu wangecheka wiki moja, na ningekuwa nimechekwa mimi. Nilibaki nimeshika kofia.

"Apolot," akasema yule baba mwenye suti, kwa upole kabisa, "hii ni kazi yako?"

Mama Apolot alikunywa uji ule wote, mpaka tone la mwisho. Akalipangusa bakuli kwa leso, akalitia kwenye mkoba wake.

"Alama ni yangu," akasema.

Jumatatu nilimkuta karakanani amekaa mbele ya gunia tupu. Nikamweleza yote kuanzia mwavuli wa Mama Nekesa. Nilipofika kwa shemeji Ouma na mbuta waliowekwa juu, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipofika kwa boda boda, alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. "Paka, Karani! Ulihesabu paka?" Tulicheka pamoja mpaka mtu wa duka la jirani akaja kuchungulia. Nikajua nimesamehewa. Nikachukua ufagio.

"Wacha hiyo," akasema, bado anafuta machozi. "Leta ufunguo."

"Ufunguo?"

"Wa mlango. Leta."

Nikampa.

"Mama, magogo tutatafuta mengine. Nitakwenda mimi mwenyewe kuyachagua."

"Mvule haijaisha, Karani. Ni mimi nimeisha hamu." Hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo. "Dada yangu alikuwa karibu kufa kule, mimi nakaa pale najiambia, sawa, nyumbani niko na mtu. Wewe ulikuwa unaandika jina yangu kwa kitu sijaona. Na pale harusini ulinyamaza. Tutasalimiana. Ukiwa mgonjwa nitakuja. Lakini kwa hii mashine hutasimama tena."

Nilidhani ni hasira ya mwezi mmoja. Nilimsubiri amalize. Kwa miaka iliyofuata vijana wa mpakani walikuwa wakipita mlangoni pake na kuuliza kama kuna bakuli lenye mboga ya samaki ndani tayari. Harusi na mahoteli yaliacha kuagiza kwake, naye hakuwahi kumwambia mtu yeyote kazi ile ilikuwa ya nani. Nilifungua karakana yangu hatua mia moja kutoka kwake, nikatumia mti mkavu peke yake, nikatengeneza mabakuli manene yasiyovuja, na ndiyo mnayonisifia leo. Nilimwambia mtu mmoja mmoja kwamba kosa lilikuwa langu, lakini nilichelewa. Hadithi ya paka ilikuwa tamu mno, hakuna aliyetaka kuibadilisha mwisho wake. Yeye alikuja nilipolazwa. Nilimpelekea unga. Tulisalimiana kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila alipokereza bakuli la mti mbichi, alifunga mlango kwanza. Nilikuwa nikisimama ng'ambo ya barabara nikisikiliza chuma kikinong'ona ndani, na nilijua kwa sauti tu mahali alipofika, lakini sikuweza kujua mikono yake inafanya nini.

Mlipokuja na mwalimu wenu mwezi uliopita kutaka niwaonyeshe jinsi ya kutoa bakuli jembamba kwenye gogo lenye maji, niliwaambia mgongo unaniuma. Haukuwa ukiuma. Ni kwamba sijui. Mama Apolot amefariki, mlango wake umefungwa, na hakumfundisha mtu mwingine. Mtu wa kumfundisha alikuwa mimi, na ile "ndiyo" niliyompa Mama Nekesa ndiyo iliyoninyima mwalimu wangu na kazi ile yote, na sasa hakuna mtu Malaba wala Busia anayeijua.